Usiandike "Cha Leo": mwongozo wa kuandika na kuhifadhi vyakula katika jiko la nyumba ya wazee

Nilipohamia jiko moja dogo la watu binafsi, siku ya pili tu nilifungua friji nikakuta bakuli la plastiki limebandikwa karatasi safi, kwa mwandiko mzuri: CHA LEO. Ndani mlikuwa na mchuzi wa nguru wa nazi. Nikamuuliza mwenzangu wa zamu, "Dada, leo hii ni leo ya lini?" Akalitazama bakuli, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mimi mwenyewe nimelikuta humu tokea juzi." Mchuzi haukunuka, baridi ilikuwa imeificha harufu. Yeyote angeweza kuupasha moto akamwekea mzee juu ya wali, na mzee angekula.

Angekula, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Mzee hamwambii mpishi kwamba chakula kimechacha. Pua na ulimi vyake vimeshapungua nguvu. Isitoshe, amelelewa kwamba chakula hakitiwi kasoro: unakula ulichopewa na unashukuru. Akiharisha kijana, ni usumbufu wa siku mbili. Akiharisha mzee wa miaka 80 mwenye sukari na presha, anakaukiwa na maji mwilini, anaanguka akikimbilia chooni usiku, na kinachofuata ni gari la kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Kwa hiyo chakula chake lazima kisemewe na kile kikaratasi kilichobandikwa kwenye bakuli, na kikaratasi kiseme kweli.

Hapa Zanzibar Serikali ina nyumba zake za wazee, Sebleni na Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba. Zipo za jumuiya, zipo za watu binafsi, vipo vituo vya kulelea watoto, na wengi wetu tunawalea wazazi wetu majumbani. Hatua zifuatazo zinafaa kote huko, jiko liwe la watu 5 au 50.

Kwanza: vifaa, na mahali pa kubandika

Huhitaji mashine. Nunua tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, na maka peni nyeusi isiyofutika kwa maji. Andika kwanza kwenye tepu ikiwa bado juu ya meza, kisha ubandike kwenye chombo kikavu, kabla chakula hakijaingia. Ukisubiri mpaka bakuli litoke jasho, tepu haitashika, na asubuhi utaikuta chini ya droo ya mboga.

Bandika ubavuni mwa chombo, usibandike kwenye mfuniko. Mifuniko inahama. Anayeosha vyombo usiku anafunika chochote kwa chochote kinachokaa, na mfuniko wenye "mbaazi, Jumatatu" unaishia juu ya supu ya Alhamisi. Hili nimeliona mara nyingi kuliko kosa jengine lolote, hata kwa wapishi hodari.

Chombo kikishaoshwa, tepu ya zamani ibanduliwe yote. Tepu mbili kwenye bakuli moja ni sawa na kutokuwa na tepu. Makopo ya siagi na ya aiskrimu tunayoyatumia tena nayo yana maandishi yake ya kiwandani, yafunike kabisa. Ndoo zilizowahi kutiwa rangi au dawa haziingii jikoni, hata zikioshwa mara saba.

Pili: nini kiandikwe

Kibandiko changu kina mistari sita. Kwa mfano:

MBAAZI ZA NAZI, zisizo na chumvi
Zimepikwa: Jumanne 12 Agosti, saa 5 asubuhi
Zimeingia friji: saa 7 mchana
Mwisho wa kuliwa: Jumatano 13 Agosti, saa 7 mchana
Ndani: mbaazi, tui, kitunguu
Mwandishi: jina la aliyepika

Mstari wa nne ndio wenye kazi kubwa, na ndio unaoachwa mara nyingi. Ukiandika siku ya kupikwa tu, kila anayefungua friji anaanza kupiga hesabu yake: huyu anasema leo siku ya pili, yule anasema ya tatu. Ukiandika siku na saa ya mwisho, hakuna hesabu. Saa ikifika, chakula kinatoka.

Mwisho huo uwe lini? Chakula kilichopikwa kikapozwa vizuri na kuwekwa katika nyuzi joto 5 au chini yake kinaweza kukaa siku 3. Mimi kwa wazee sivuki siku 2, na chochote kilichotiwa tui nakipa siku 1, kwa sababu tui linachacha upesi na umeme wetu si wa kuaminika. Ukitaka kuwa mkali zaidi yangu, kuwa mkali. Usilegeze.

Mstari wa "ndani" upo kwa ajili ya wenye aleji na wenye miiko ya daktari. Vya kutaja daima ni karanga, ufuta, mayai, maziwa, ngano, soya, samaki, na kamba, kaa na jamaa zao. Usidhani chakula kinajulikana. Kisamvu cha huyu kina karanga, cha yule hakina, na kwa macho huwezi kuvitofautisha vikishapoa. Mzee aliyepata kiharusi na anayekula chakula laini cha kusagwa, chakula chake kiandikwe KIMESAGWA kwa herufi kubwa pamoja na jina lake. Bakuli la mtu mwengine likimfikia, kitonge kimoja kinaweza kumpalia.

Katika timu ya jikoni huenda yumo asiyesoma vizuri, au mama anayesoma herufi za Kiarabu kuliko hizi. Usimwone haya na usimfiche kazi. Tumia tepu ya rangi kwa kila siku ya juma, ubandike ukutani ufunguo wa rangi hizo, na maandishi yabaki palepale juu ya rangi.

Tatu: saa zetu na tarehe zetu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu miongozo iliyoandikwa kwengine haiwezi kulisema hili.

Mpishi akiandika "saa 2", ana maana ya saa 2 asubuhi au ya usiku. Muuguzi aliyezoea kuandika karatasi za dawa anaisoma kuwa saa nane mchana. Simu ya kijana wa zamu inaonyesha 08:00, naye akinakili kutoka simuni anaandika "saa 8". Chakula ni cha wakati mmoja, na kinachosomeka kimepishana kwa saa sita. Kwa hiyo kubalianeni: jikoni tunaandika saa za Kiswahili, na kila saa inafuatwa na neno lake, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hakuna "saa 2" iliyobaki peke yake.

Siku nazo zina mtego. Kwa wazee wetu siku inaanza Magharibi, na "usiku wa Ijumaa" ni ule wa Alhamisi jua likishatua. Kijana akisoma "usiku wa Ijumaa" anaongeza siku nzima. Ondoa utata kwa kuandika jina la siku pamoja na tarehe, na baada ya Magharibi uendelee kuandika tarehe ileile ya mchana mpaka saa 6 usiku.

Mwezi uandike kwa jina. 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini bidhaa nyengine zinatoka nchi zinazotanguliza mwezi, nao wanasoma Machi 4. Ukiandika "3 Aprili" umemaliza.

Nne: bidhaa za dukani

Ukipokea kopo au katoni, tafuta tarehe kabla ya mwenye gari hajaondoka. Kuna tarehe za aina mbili. Moja inasema bidhaa isitumike baada ya siku hiyo, na hiyo haina mjadala: nyama, maziwa na vyakula vya friji vikishavuka hutupwa. Nyengine inasema bidhaa ni bora kabla ya siku hiyo. Hii inahusu ladha na ubora, na inaonekana kwenye biskuti, tambi na mchele. Katika nyumba ya wazee mimi sipokei kabisa mzigo uliovuka tarehe ya aina yoyote, hata wa bure. Wanaoleta msaada wa vitu vilivyobakisha wiki moja nawashukuru, nahesabu vitakavyoliwa ndani ya wiki hiyo, na vilivyobaki nawaomba wawapelekee wengine mapema.

Tende, maziwa ya unga na baadhi ya makopo yanayotoka Oman na Falme za Kiarabu yana tarehe za tarakimu za Kiarabu. Aliyesoma chuoni anazijua, lakini macho yakiharakisha yanadanganya: ٥ ni tano, ingawa inafanana na sifuri yetu, sifuri yao ni nukta ٠, na ٦ ni sita, ingawa kwa mbali unaiona saba. Mpe anayezisoma vizuri, azinakili kwa tarakimu zetu kwenye tepu siku bidhaa inapoingia.

Kopo lililovimba, linalovuja, au lililobonyea kwenye ungio lake halifunguliwi hata kwa kunusa tu. Ukikuta katoni nzima ya namna hiyo, au tarehe iliyokwanguliwa na kupigwa mhuri upya, iweke kando, iandike USITUMIE, na uwaarifu Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Bidhaa ikifunguliwa, tarehe ya kiwandani haina kazi tena. Maziwa ya paketi yanayokaa miezi yakiwa yamefungwa, yakikatwa tu mdomo yanahesabiwa kwa siku. Andika "limefunguliwa" na siku yake, kisha ufuate muda ulioandikwa kwenye paketi. Na ukimimina unga au maziwa ya unga kwenye ndoo, kata kipande cha mfuko chenye jina na tarehe, ukibandike kwenye ndoo hiyo.

Tano: kupoza, na habari ya mwiku (chakula kilicholala)

Vijidudu vinavyoumiza watu vinazaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Chakula cha moto kikae juu ya 60 mpaka kipakuliwe, cha baridi kikae chini ya 5, na katikati hapo kipite mbio. Kanuni inayofahamika duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto la mahali likivuka nyuzi 32, kisikae zaidi ya saa 1. Jikoni mwetu wakati wa kaskazi, majiko mawili yakiwa yanawaka, hesabu saa 1.

Wengi tumefunzwa kwamba chakula cha moto kikiingia friji kinaharibika, kwa hiyo sufuria inaachwa juu ya meza tangu Adhuhuri mpaka Laasiri, imefunikwa kawa vizuri. Kawa linazuia nzi, lakini halizuii vijidudu vilivyomo ndani. Sufuria kubwa ya maharage ikiachwa hivyo, juu inapoa na katikati inabaki na uvuguvugu saa nyingi, na humo ndimo kinapozaliana kijidudu kinachopenda sana vyungu vikubwa vya nyama na kunde.

Fanya hivi. Chakula kikiisha kupakuliwa, kimimine kwenye trei pana kisizidi kina cha sentimita 5. Mchuzi mwingi uache kwenye sufuria, sufuria uiweke ndani ya beseni la maji ya barafu, na ukoroge kila baada ya dakika chache. Mvuke ukishatulia, funika, tia friji. Usirundike trei; acha hewa ipite. Kisha andika saa kilipoingia friji, maana muda huo ndio unaoonyesha kama ulipoza au ulisahau.

Sasa wali. Nyumba moja niliyofanya kazi alikuwapo bibi aliyepindukia miaka 80, na kila asubuhi ninapopita na birika alikuwa ananishika kanga. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Mwiku wangu upo?" Namwambia leo kuna boflo la moto na chai ya maziwa. Anatikisa kichwa: "Boflo la wageni hilo. Mimi nitilie mwiku na kimchuzi." Alikula wali wa mwiku tangu akiwa mtoto Makunduchi, na nani mimi wa kumnyima?

Lakini mchele una bakteria ambayo mbegu zake haziuliwi na maji yanayochemka. Wali ukikaa jikoni usiku kucha, mbegu hizo zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki ukiupasha wali hata ukafuka moshi. Mwiku wa zamani ulikuwa na bahati kuliko usalama. Kwa hiyo wali wa sufuria kubwa haulali, ukibaki, unaondoka. Mwiku wa bibi niliutenga mapema, wali ukiwa umetoka motoni sasa hivi, vijiko vinne vitano kwenye sahani pana, ukapoa ndani ya nusu saa, ukaingia friji na tepu yake: jina la bibi, saa, na "mwisho kesho saa 3 asubuhi". Asubuhi niliupasha moto mpaka ukawa unafuka kote, mara moja tu. Akala mwiku wake, nami nililala usingizi.

Kupasha moto maana yake ni nyuzi 70 au zaidi mpaka katikati ya chakula. Kipimajoto cha jikoni cha kuchoma si ghali ukilinganisha na gharama za kuuguza. Kijaribu kwa kukitia kwenye glasi iliyojaa barafu na maji kidogo: kisome sifuri. Katika maikrowevu koroga katikati ya safari, kwa sababu pembeni huchemka na kati hubaki baridi. Chakula kilichopashwa mara moja hakirudi friji.

Sita: rafu za friji

Juu vikae vilivyo tayari kuliwa: matunda yaliyokatwa, mtindi, mbaazi zilizopikwa. Katikati maziwa na mayai. Chini kabisa nyama na samaki wabichi, ndani ya trei yenye kingo, na kuku chini ya vyote. Sababu ni matone: damu ya kuku ikidondoka, isikute chakula njiani. Bandika mpangilio huu kwenye mlango wa friji ili anayepanga usiku asikisie.

Nyama ya friza inayeyushiwa rafu ya chini ya friji, si juu ya karo. Ikitoka friza, andika tepu mpya yenye siku iliyotoka, na ndani ya siku 1 ipikwe. Nyama iliyoyeyuka haigandishwi tena ikiwa mbichi.

Weka kipimajoto ndani ya friji, katikati, na usome kabla hujaufungua sana mlango: asubuhi ukiingia, jioni ukitoka. Friji isivuke nyuzi 5. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuna bakteria mmoja, listeria, anayeendelea kukua hata ndani ya baridi ya friji, na wazee ni miongoni mwa anaowaumiza zaidi, kwa hiyo baridi inapunguza hatari lakini haiimalizi. Ndiyo maana tarehe inabaki na kazi hata friji ikiwa nzuri.

Insulini ya mgonjwa isikae kati ya mchuzi na maziwa. Kama hakuna friji ya dawa, iwekwe ndani ya boksi lake lenye mfuniko na jina, mbali na sehemu inayogandisha, kwa sababu insulini ikiganda haifai tena.

Saba: samaki

Samaki wetu tunampata akiwa bado macho yanang'aa, Malindi au Darajani, na kwa hilo tumejaaliwa. Lakini jodari, vibua na nguru wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza nyama yao ikawa na histamini. Anayekula anapata uso mwekundu, muwasho, maumivu ya kichwa, moyo kwenda mbio, na watu wanadhani ni aleji. Histamini haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha, na samaki mwenyewe anaweza kuonekana mzuri tu.

Mnunuzi wa nyumba aende sokoni na deli lenye barafu. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki si nyingi kwa joto letu. Kwenye deli abandike saa aliponunua. Akifika, mpishi anaandika saa ya kupokea. Zikipishana sana na barafu imekwisha, samaki hao wasipikiwe wazee.

Nane: ghala

Haya ni machache. Magunia yakae juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni, na yasiegemee ukuta. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka: mzigo mpya uende nyuma, wa zamani uje mbele. Kila gunia liwe na tepu ya siku lilipoingia. Msimu wa masika kagua karanga na unga wa mahindi kila wiki. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, tupa zote, usichague. Sumukuvu haionekani kwa macho na haifi kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Tisa: sadaka

Ijumaa baada ya sala, siku za Idi, na Ramadhani nzima jioni, watu wanaleta vyakula. Sufuria ya biriani, sinia la pilau, kaimati, uji wa futari. Ni heri kubwa, na wazee wanafurahi kukumbukwa kuliko wanavyofurahia chakula chenyewe. Usimpokee mtu kwa maswali ya polisi.

Mpokee, mkaribishe kiti, mpe shukrani, kisha muulize kwa upole: "Kaka, Mwenyezi Mungu awalipe. Kimepikwa saa ngapi, nasi tukipange vizuri?" Mtu anajibu bila kuona vibaya, kwa sababu umeuliza kwa ajili ya kupanga. Muulize na kilichomo, hasa karanga na mayai. Andika hapohapo, choma kipimajoto akishaondoka. Kama bado kina nyuzi 60 au zaidi, pakua mara moja. Kama kina uvuguvugu na kimepikwa asubuhi, hakiliwi na wazee, na hilo halihitaji kumfikia aliyetoa. Sadaka ya chakula kilichopikwa hailazwi friji mpaka kesho, kwa sababu hujui kilipita wapi kabla ya kukufikia.

Wanaoleta mara kwa mara, zungumza nao siku nyengine kwa nafasi. Nimewaomba wengine walete mchele, sukari, tende na sabuni badala ya chakula kilichopikwa, au waje wapike nasi jikoni siku ya Idi. Wengi wamekubali kwa moyo mweupe.

Nyama ya kasa haipokelewi, iwe mbichi au imepikwa. Machi 2024 watu 9 walifariki Kisiwa Panza, Pemba, 8 kati yao watoto, baada ya kuila, na sumu yake haiondolewi kwa moto.

Kumi: umeme ukikatika

Tuliokuwapo Unguja hatujasahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika tukakaa kiasi cha miezi 3. Mkato wa siku hizi ni mfupi, lakini friji haijui.

Umeme ukikatika tu, andika saa kwenye daftari na ufunge friji kwa tepu katikati ya mlango ili asifungue mtu. Friji isiyofunguliwa inashika baridi kiasi cha saa 4. Friza iliyojaa inashika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Saa 4 zikipita, vyakula vilivyopikwa, maziwa, nyama na samaki wa kwenye friji vinaondoka, isipokuwa umevihamishia kwenye barafu mapema. Usionje ili kujua kama kimeharibika.

Na kama umeme ulikatika usiku hakuna aliyekuwa macho? Gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu uweke sarafu ya shilingi 200, kikae friza daima. Asubuhi ukiikuta sarafu imezama, friza iliyeyuka ikaganda tena, hata kama sasa kila kitu ni kigumu kama jiwe.

Kumi na moja: visivyoliwa

Dawa ya madoa, mafuta ya taa na sabuni ya maji havitiwi kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anaiona chupa, haisomi. Vibaki kwenye vyombo vyake vya asili, kabati lake, kufuli lake, mbali na ghala la chakula. Madumu ya maji nayo yaandikwe: YA KUNYWA, YAMECHEMSHWA, na siku, au YA KUOSHEA.

Kukabidhi zamu

Anayetoka na anayeingia wasimame pamoja mbele ya friji, wachukue dakika tano. Waanze rafu ya juu, mmoja asome kwa sauti, mwengine aangalie daftari. Kilichofika mwisho wake kinatoka. Tepu isiyosomeka, chakula kinatoka. Kisicho na tepu kinatoka, hata kama aliyepika yupo pale na anaapa ni cha asubuhi hii. Vilivyotoka viandikwe kwenye daftari kwa jina na kiasi, ili mwisho wa wiki mpishi aone kwamba kila Jumatano tunamwaga nusu sufuria ya kunde, na Jumatano ijayo apike chache. Wote wawili watie sahihi, na saa, na neno lake: asubuhi, au jioni.